Mainasi Tatu na Mainasi Nne

Stima ilipotea tena wiki iliyopita, na kinyozi wa pale chini akawasha jenereta yake mlangoni kama kawaida yake, karibu na mtaro ambao haukauki. Moshi wa petroli ulipanda ukachanganyika na harufu ya udongo uliolowa. Binti yangu alikuwa kwenye veranda na karatasi ya mafumbo ya namba, zile kuta zenye matofali matupu ambayo mtoto huyajaza kwa kujumlisha. Nilimwambia aingie ndani. Aliniuliza kwa nini, nikamwambia aingie tu, nikafunga mlango na madirisha yote, kisha nikaenda kusimama jikoni. Mimi si mtu wa kutetemeka ovyo. Lakini harufu hiyo ikinikuta na karatasi ya namba mezani, hunirudisha darasa la sita, na sipendi kurudi huko.

Ninyi mliokulia Kitengela wakati wetu mnaikumbuka. Nyumba zilikuwa chache, na asubuhi nyingine tulikuta nyumbu wamelala nyuma ya uwanja wa shule, wakatutazama kana kwamba sisi ndio wageni, na kweli tulikuwa wageni. Wakati wa mvua udongo mweusi ulikuvua kiatu ukabaki nacho. Wakati wa kiangazi ulipasuka nyufa za kumeza kalamu. Kila aliyenunua ploti alitaka vitu viwili kabla hajafikiria nyumba, shimo la choo na kisima, na kazi hiyo ilikuwa ya Wakamba. Baba alikuja kutoka Makueni kuifanya, akamleta mdogo wake, baba mdogo Mutinda, halafu akaja Kioko, kaka wa mwisho wa mama, kijana wa miraba minne aliyecheka kwa sauti hata kanisani.

Namna yao ya kufanya kazi ilikuwa moja. Mmoja alikuwa chini na sururu au mtaimbo, wawili walikuwa juu kwenye gogo la kuzungushia kamba. Kwa sababu ule udongo mweusi wa juu huteleza na kubomoka, hawakuchonga ngazi za kukanyaga. Mtu alitia mguu kwenye kitanzi cha kamba, wenzake wakamteremsha taratibu, na kurudi juu kulikuwa kwa kamba hiyo hiyo. Bila kamba hukushuka, na bila kamba hukupanda.

Baba alikuwa mtu wa mzaha mwingi. Mimi nimepewa jina la mama yake, Ndinda, kwa hivyo hakuniita mwanangu hata siku moja. Aliniita mwaitu, yaani mama yetu, na nikimkosea alinishtaki kwangu mwenyewe: "Mwaitu, kuna mtoto hapa amekataa kuosha vyombo, utamwambia nini?" Mama hakucheka naye. Mama alikuwa mtu wa maneno machache, anayefulia watu nguo, na jioni mikono yake ilikuwa imenyauka na kuwa myeupe kwenye vidole. Nikiwa mtoto nilidhani mtu asiyecheka hana upendo wa kutosha.

Shule yetu ilikuwa ya mabati, na kati ya darasa na darasa kulikuwa na mabati vilevile, kwa hivyo ukiwa la sita ulisoma na la nane bila kupenda. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa Madam Nyokabi, mgeni kutoka upande wa Kiambu, msichana mwenye sauti ndogo ambaye hakujua kuchapa. Alipenda mafumbo. Alikata maboksi ya sabuni, akachora kuta za matofali kwa kalamu nene, na kila mmoja wetu akapewa kadi yake. Kanuni ilikuwa kwamba kila tofali ni jumla ya yale mawili yanayolibeba. Tukaanza na namba za kawaida, tukazimaliza, naye akatuambia sasa tunaenda chini ya ziro. Chanya na hasi nilikuja kuzisikia redioni nikiwa mkubwa. Sisi tulisema plasi na mainasi.

"Nani anajua baba ya Ndinda anafanya kazi gani?" akauliza.

"Kuchimba choo," mtu akasema, darasa likacheka, nami nikatamani meza inimeze.

"Anachimba," akasema Madam bila kucheka. "Sasa pale anasimama kabla hajachimba ni ziro. Akishuka futi tatu, yuko mainasi tatu. Akishuka ingine nne, yuko wapi? Ndinda akienda huko Saturday amuulize, yeye ndiye ameenda mainasi kuliko sisi wote."

Tangu siku hiyo sikuona aibu tena. Baba yangu aliishi kwenye namba ambazo wengine walizichora tu.

Lakini nilikuwa nimekwisha kujifunza kitu kingine kupitia ukutani. Darasa la nane walikuwa wakiimba kila siku baada ya mapumziko, na mwalimu wao akipiga kiboko mezani kuwapa mdundo: plasi na plasi, plasi, plasi na mainasi, mainasi, mainasi na mainasi, plasi. Walikuwa kwenye kuzidisha. Hilo la kuzidisha halikupita kwenye mabati, maana mwalimu aliliandika ubaoni na wao waliimba matokeo tu. Niliupenda ule mstari wa mwisho kuliko nyimbo zote za kanisani. Kitu kibaya kikipata mwenzake kibaya, vyote viwili hugeuka kuwa vizuri. Nikauamini kabisa, na nikawa naona kwamba Madam Nyokabi, maskini, hajafika hesabu za darasa la nane.

Jumamosi nilipeleka chakula kwenye kazi. Mwaka huo walikuwa wakichimba kwa Mzee Lemayian, Mmaasai mwenye shamba kando ya mto uliokuwa mchanga mtupu. Kiangazi kilikuwa kibaya. Ng'ombe wake walikuwa wakilala chini na kukataa kuinuka, na vijana wake waliwashika mkia na pembe kuwasimamisha kila asubuhi. Mzee aliketi kwenye jiwe kando ya shimo, blanketi mabegani, akatusalimia "Sopa" na kurudisha macho yake shimoni. Hakumharakisha mtu. Ilitosha kumwona ameketi pale.

Niliruhusiwa kulala kifudifudi kando ya shimo Kioko akinishika miguu, na hapo nikamsomea baba kadi yangu. Hicho ndicho kilikuwa kipindi chake cha kupumzika. Nilisoma namba polepole, sauti yangu ikashuka, kukawa kimya, halafu nikasikia kijiwe kikikwaruza. Alikuwa akiandika majibu kwa msumari kwenye vipande bapa vya mawe meupe, kisha anaviweka juu ya ndoo ya udongo. Majibu yangu yalipanda na ndoo, Kioko akayachukua na kunipa, na nikishayanakili nilivitupa vile vipande kwenye rundo la mawe. Baba aliacha shule darasa la nne. Namba za chini ya ziro alikutana nazo kwangu, akazipenda kama mtoto aliyepewa mpira.

Kadi ya siku ile naikumbuka. Matofali ya chini yalikuwa mainasi tatu, mainasi nne, na tano. Kipande kilichopanda kilikuwa na mainasi saba.

"Baba, umekosea," nikamwambia. "Mainasi na mainasi ni plasi. Ni plasi saba."

"Nani amesema?"

"Class eight."

Nikamsikia akicheka huko chini. "Ambia class eight wakuje hapa. Mwaitu, mimi niko chini. Nikichimba ingine niende chini zaidi, nitajipata aje huko juu na wewe?"

Baba mdogo Mutinda akacheka, Kioko akacheka hadi akaniachilia mguu mmoja. Hata Mzee Lemayian alitafsiriwa, akatingisha kichwa. Niliandika plasi saba. Jumatatu Madam Nyokabi akaweka alama ya kosa juu yake na juu ya kilele cha ukuta, maana kosa moja chini huharibu mpaka juu, akanirudishia kadi na kuniambia nirudie. Sikurudia. Niliiweka mfukoni mwa gauni nikisubiri aombe msamaha.

Wakafikia maji. Yalikuwa yakiingia polepole, ya kutosha kumzuia mtu kuchimba lakini hayatoshi ng'ombe. Ilibidi yatolewe ili waende chini zaidi. Mzee Lemayian akaazima pampu ya petroli kwa mtu aliyelima nyanya. Wakaiweka juu, mpira wake ukavuta hewa tupu, kwa sababu shimo lilikuwa refu kuliko nguvu yake. Basi wakachonga kibaraza ukutani mwa kisima, karibu na maji, wakaiteremsha pampu yenyewe na kuiwasha huko ndani. Ilinguruma asubuhi nzima. Maji machafu yakatoka juu kwa mpira, na ng'ombe waliokuwa wamelala wakainua vichwa. Kila mtu alifurahi. Mimi na mama tulifika na sufuria ya muthokoi wakati petroli imekwisha na pampu imezima yenyewe, na moshi wa buluu ulikuwa bado unapanda kutoka mdomoni mwa kisima.

Wakaacha moshi uishe kwanza. Walikuwa waangalifu, hilo nataka lijulikane. Walikula, wakanywa maji, wakaongea. Halafu baba mdogo Mutinda akafanya walichofanya kila siku kabla ya kushuka, akawasha koroboi na kuiteremsha kwa kamba hadi chini. Ikizimika, hewa ni mbaya na hakuna kushuka. Ikiwaka, mtu anashuka. Tuliinama sote tukaangalia. Iliwaka vizuri, mwali umesimama wima. Moshi wa pampu unaweza kumuua mtu na kuiacha taa ikiwaka. Hilo niliambiwa nikiwa mtu mzima, na aliyeniambia alilisema haraka haraka akidhani nalijua.

Baba akatia mguu kitanzini. Alinitazama, akaona kona ya kadi ikichungulia mfukoni.

"Mwaitu, bado ni plasi?"

"Ni plasi."

"Haya. Tutamaliza hiyo kesi nikipanda."

Akashuka. Kamba ikalegea, tukajua amefika. Akasema jambo kuhusu pampu. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kichwa inaniuma." Baba mdogo Mutinda akamwambia apande. Hakujibu. Akamwita tena kwa Kikamba, kwa jina lake la utotoni. Koroboi ilikuwa bado inawaka kule chini, na kando yake tuliona mgongo wa baba, ameinama kama mtu anayetafuta kitu majini.

Baba mdogo Mutinda hakumuuliza mtu. Alivuta kamba, akatia mguu, akamwambia Kioko na Mzee wazungushe gogo haraka. Tulimwona akifika, akitoa mguu kitanzini, akimshika baba kwapani na kumwinua uso. Akasema "Vuta," lakini hakuwa amemfunga bado, na hakukuwa na kitu cha kuvuta. Halafu akaketi. Aliketi taratibu kabisa, amemkumbatia baba, na kichwa chake kikaenda kando.

Sasa nitasema nilichofikiria, kwa sababu ndicho kilichokaa ndani yangu miaka yote. Sikuogopa. Nilipoona wamekuwa wawili kule chini, moyo wangu ulitulia. Mainasi na mainasi. Niliona kwamba mmoja peke yake angebaki chini, lakini wawili lazima wapande, na nikasogea nyuma kidogo ili wapate nafasi ya kutokea.

Kioko alikuwa ameivuta kamba, ametia mguu. Mama alimshika shati kwa nyuma. Likachanika, akamshika mkono, akamwangusha, akautoa ule mguu kitanzini kwa nguvu ambayo sikujua anayo. Kisha akaikusanya kamba yote, akaikalia.

"Dada, wacha nishuke," Kioko akasema. "Nitafunga pumzi. Ni dakika moja tu."

"Huendi."

"Wako hapo. Nawaona. Dada, wako hapo tu."

"Kaa chini, Kioko."

Akalia. Akapiga ardhi kwa ngumi, akaapa, akajaribu kuivuta kamba chini ya mama, na mama akamkamata kwa shingo akambana kifuani, yeye jitu zima. Mzee Lemayian alikuwa akipiga kelele kwa Kimaa, na vijana wake walikuja wakikimbia kutoka kwa ng'ombe, wakainamia kisima, na mama akawaambia nao waondoke hapo. Mimi nilienda nikamvuta mama mkono. Nilimwambia ainuke. Wanataka kupanda, nilimwambia, na umekalia kamba yao. Mama hakuniangalia. Macho yake yalikuwa kwenye mdomo wa kisima na hayakupepesa, na mwali wa koroboi ulikuwa bado unaonekana kule chini, mdogo, wa manjano, hadi mafuta yalipoisha.

Walitolewa kesho yake na watu wenye mashine ya kupuliza hewa. Mzee Lemayian alikifukia kisima wiki hiyo hiyo, ng'ombe wake wakiangalia. Rundo lote la udongo na mawe lilirudi shimoni, na katika mawe yale vilikuwamo vile vipande vyeupe, majibu yote ya baba, kadi baada ya kadi. Sikuwa nimehifadhi hata kimoja. Siku hizi pale juu pana fleti.

Tulizika Makueni, makaburi mawili sambamba. Kioko alieleza mwenyewe yaliyotokea, akilia mbele ya watu wote, na nia yake ilikuwa kujilaumu. Lakini watu walisikia kingine. Walisikia kwamba mama aliikalia kamba, na kwamba kijana aliyemzuia ni wa tumbo moja naye, na walio chini ni wana wa watu. Susu, mama yake baba, ambaye jina lake ninalo, alisema mbele ya sufuria za matanga, "Ameokoa wa kwao." Hakusema kwa ukali. Tangu siku hiyo hakula chakula kilichopikwa na mama hadi alipokufa, na mama akaendelea kumpelekea kila tulipoenda, na sahani ikarudi ilivyokwenda.

Mimi nilikuwa upande wa susu. Nilikuwa na hesabu yangu, na hesabu yangu ilisema baba na baba mdogo walikuwa wakija. Nililala kitanda kimoja na mama na kumgeuzia mgongo. Alijua. Hakunibembeleza wala kujitetea, alifua tu nguo za watu, akanilipia shule, akanichana nywele kila Jumapili kwa mikono ile migumu.

Niliporudi shuleni kadi ilikuwa bado mfukoni mwa gauni, imekunjamana na kulainika, namba zimefifia. Darasa la nane walikuwa wakiimba upande wa pili wa mabati. Niliusikiliza wimbo wao mpaka mwisho. Kisha nikachukua penseli, nikafuta plasi, nikaandika mainasi saba. Juu yake nikaandika mainasi sita. Madam Nyokabi alipita, akaona, akaweka alama ya sawa, akataka kunishika bega na akashindwa. Akatoka nje akakaa huko hadi kengele.

Kujua jibu hakukunipatanisha na mama mara moja. Kichwa huelewa kikaenda zake, moyo ukabaki pale pale. Kioko hakuchimba tena, akaenda kufanya kazi kwenye shamba la maua, akaoa, na mtoto wake wa kwanza wa kiume hakumpa jina la babake kama inavyotakiwa kwetu. Alimwita Mutua, jina la baba yangu. Watu wa kwao walinuna. Mama alimbeba yule mtoto muda mrefu, na mimi nikamwona, nikiwa msichana wa kidato cha tatu, nikahesabu upya. Wawili walikuwa chini. Kama si mama wangekuwa watatu, na baada ya watatu wale vijana wa Mzee walikuwa wamepanga foleni.

Nilimuuliza mara moja tu. Alikuwa amezeeka, anaishi nami, na tulikuwa tukichambua maharagwe kwenye ungo, yeye upande wake na mimi upande wangu. Nilimwambia kwamba sasa naelewa kwa nini alimzuia Kioko, na kwamba alifanya vizuri, na kwamba susu alimkosea. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno hayo miaka mingi. Aliendelea kutoa vijiwe.

"Wacha kunisifu," akasema. "Unafikiria nilikalia kamba juu ya Kioko peke yake? Mimi ndiye nilikuwa nataka kushuka. Huyo kijana nilimshika nipate uzito. Ningesimama, ningeenda."

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe ulikuwa unanivuta mkono uniinue," akasema. "Na nilikuwa karibu kuinuka."

Akapuliza makapi, akanisogezea ungo. Kulikuwa bado na maharagwe mengi, nasi tukaendelea kuchambua.